Ati Buku Ni Mti? Wacha Tuicheki Hii Stori Vizuri

Kila siku Kenya hii kuna mtu anataja mti wa Ulaya bila kujua. Mtoi darasani anaambiwa atoe buku ya hesabu. Shosho kule Murang'a anaita kitabu ibuku. Dani kule Siaya anasema buk. Maneno hayo yote yametoka kwa book ya Kiingereza. Na book, kama ushawahi kukutana na zile posti za "je, wajua", inasemekana imetoka kwa mti.

Stori yenyewe inaenda hivi. Zamani sana, watu wa kaskazini mwa Ulaya walikuwa wanachonga herufi kwenye vibao vya mti fulani. Jina la mti likawa jina la kibao, jina la kibao likawa jina la kitabu. Kwisha. Inatoshea kwa video ya sekunde 30, unaiwekea muziki mpole nyuma, na watu wanaipenda juu nani hapendi miti na vitabu?

Nimekaa na hiyo stori wiki tatu sasa. Sehemu moja yake ni ya kweli kabisa, unaweza hata kuipima ukiwa umekaa kwa mathree. Sehemu nyingine, watu ambao hii ndiyo kazi yao bado wanaibishania. Shida ni kwamba ile sehemu tamu, ya vibao, ndiyo yenye ubishi.

Na kwa nini hii inanihusu? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Siku hizi nakula kwa kutengeneza video na kuandika. Kila nikieleza kitu hakukosi mtu wa kuuliza, "Kwani we ulisomea wapi?" Na ni swali halali. Mwenye digrii akiongea, kuna karatasi imesimama nyuma yake. Nyuma yangu kuna ukuta wa bedsita. Kwa hivyo siwezi kukuambia uniamini kwa sababu ya karatasi. Kitu ninachoweza kukupa ni njia ya kuhakikisha mwenyewe, na huu mti ni mazoezi poa ya hiyo njia.

Mti wenyewe

Waingereza wanauita beech. Ukiutamka mbele ya Mkenya, akili yake inaenda Diani. Ukiuandika kwa Kiswahili unakuwa bichi, na hapo tena tumeingia kwa stori ya maembe. Kwa hivyo hapa nitauita mbuche, kutoka kwa Wajerumani wanaouita Buche, na nitaupanga kwa ngeli ya miti kama mwembe na mkuyu: mbuche mmoja, mibuche mingi.

Ni mti mkubwa wa misitu ya Ulaya, kuanzia kusini mwa Uswidi hadi Italia na milima ya Balkani. Unaweza kupita mita 30 kwenda juu. Unazaa njugu ndogo zenye pembe tatu, ambazo wakulima wa zamani walikuwa wanawapeleka nguruwe msituni kuzila. Lakini kitu cha kuangalia ni gome. Ni la kijivu, jembamba, na linabaki laini hata mti ukizeeka, wakati magome ya miti mingine yanapasukapasuka. Ndiyo maana kwa karne nyingi wapenzi wa Ulaya wamekuwa wakichonga majina yao juu yake. Unachonga leo, wajukuu wako wanakuja kusoma.

Ukiliona hilo gome unaelewa mara moja kwa nini watu waliikubali stori ya vibao. Mti unakaa ni kama ulizaliwa kuandikwa.

Nyumba kwa nyumba

Kiingereza kina ndugu zake. Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe na wengine wametoka kwa lugha mama moja iliyozungumzwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kusini mwa Skandinavia na kaskazini mwa Ujerumani. Ukoo huu unaitwa lugha za Kigermaniki. Sasa zunguka kwa kila nyumba ya huo ukoo uulize maswali mawili: mti huu mnauitaje, na kitabu mnakiitaje?

Wajerumani watakuambia mti ni Buche, kitabu ni Buch. Waholanzi: beuk na boek. Wadenmaki: bøg na bog. Wanorwe: bøk na bok. Waingereza: beech na book. Waswidi ndio wameacha kujisumbua kabisa. Mti ni bok, kitabu ni bok. Mpaka useme kwa wingi ndiyo tujue unaongelea nini: mibuche ni bokar, vitabu ni böcker.

Hata ile nafaka inayoitwa buckwheat, ya kutengeneza uji na chapati nyembamba, iko ndani ya hii familia. Jina lilitoka kwa Kiholanzi, boekweit, yaani ngano ya mbuche. Si ngano na wala haihusiani na mbuche, ila mbegu zake zina pembe tatu kama zile njugu.

Ukiona hizo jozi zote, unashawishika kufunga kesi. Lakini maneno kufanana ni kitu rahisi sana. Buku na bukua pia zinafanana. Tunahitaji kipimo kikali zaidi ya macho, na kipimo kipo.

Kipimo cha sauti

Nianze na cha nyumbani ndiyo cha Ulaya kieleweke. Chukua Kiswahili uweke kando ya Gĩkũyũ. Kiti ni gĩtĩ. Kikombe ni gĩkombe. Kitanda ni gĩtanda. Ukiishia hapo utasema Wakikuyu wanabadilisha kila k kuwa g. Sasa mbona kĩondo haijakuwa gĩondo? Na mlima mbona ni kĩrĩma na si gĩrĩma?

Kuna sheria. Ile k inalainika kuwa g kama silabi inayofuata inaanza na sauti kama t au k. Kwenye kĩondo na kĩrĩma hakuna sauti ya hivyo inayofuata, kwa hivyo k inabaki. Hata jina la watu wenyewe liko ndani: Kiswahili kinasema Kikuyu, wenyewe wanasema Gĩkũyũ. Wataalamu wanaiita Sheria ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeiona kwenye Kinyamwezi kule Tanganyika. Hakuna shosho aliyekaa chini kumfundisha mjukuu wake hiyo sheria. Inatembea yenyewe mdomoni mwa watu, na inatembea kwa mpangilio.

Ulaya ni hivyo hivyo. Kwa Kilatini mbuche unaitwa fagus. Ukiiangalia fagus na book utasema hawa hawajuani kabisa. Sasa pima kipande kwa kipande.

Kipande cha kwanza ni f. Kaka kwa Kilatini ni frater, kwa Kiingereza ni brother. Kubeba kwa Kilatini ni fero, kwa Kiingereza ni bear. Pale Kilatini kinaanza na f, Kigermaniki kina b.

Kipande cha pili ni ile a ndefu ya katikati. Mama kwa Kilatini ni mater, kwa Kiingereza cha kale ni modor, ile iliyokuja kuwa mother. Frater nayo iko na brother. Pale Kilatini kina a ndefu, Kigermaniki kina o ndefu.

Kipande cha tatu ni g. Goti kwa Kilatini ni genu, kwa Kiingereza ni knee. Ile k tumeacha kuitamka, lakini Wajerumani bado wanaitamka wazi kwa Knie. Shamba kwa Kilatini ni ager, Waingereza wana acre, ileile eka tunayouziana huko Kitengela. Pale Kilatini kina g, Kigermaniki kina k.

Rudi sasa kwa fagus. F inakuwa b. A ndefu inakuwa o ndefu. G inakuwa k. Umepata bok. Hatujalazimisha chochote, hatujasema "inafanana fanana hivi". Kila kipande kimepita kwa mlango ambao maneno mengine yalishapitia.

Kitu kimoja tu usichanganye: Kigermaniki hakikukopa huu mti kutoka kwa Kilatini. Fagus na bok ni mabinamu. Babu yao ni mmoja, lugha ya zamani zaidi ambayo haikuwahi kuandikwa, na kila nyumba ilimbadilisha jina kwa mpangilio wake. Hii sehemu ya stori haina ubishi. Jina la mbuche katika lugha za Kigermaniki ni la kale, na asili yake inajulikana.

Msee aliyefukuzwa na mfalme

Aliyeona mpangilio huu mapema ni Rasmus Rask wa Denmark, kwenye kitabu kilichotoka 1818. Jacob Grimm, Mjerumani, akaupanga ukakaa sawa mwaka wa 1822, na jina lake ndilo lililobaki: Sheria ya Grimm. Ndiyo, Grimm huyo huyo wa hadithi za Cinderella na Snow White, alizokusanya na ndugu yake Wilhelm na kuzichapisha mara ya kwanza 1812.

Jacob alikuwa anasoma sheria kule Marburg. Mwaka wa 1805 aliacha masomo akaenda Paris kumsaidia mwalimu wake, Savigny, kufanya utafiti kwenye maktaba. Hakurudi kumaliza. Alichukua kazi ya ukarani Kassel, mshahara mdogo.

Najua unangoja niseme, "Mnaona? Hata Grimm aliacha chuo!" Siendi huko. Hizo posti za matajiri walioacha chuo zimetupotezea muda wa kutosha. Huyu msee baada ya kuacha chuo alikaa na miswada ya kale miaka na miaka, lugha baada ya lugha, hadi vyuo vikaanza kumtafuta yeye. Akawa profesa Göttingen.

Kinachonishika zaidi ni kilichofuata. Mwaka wa 1837 mfalme mpya wa Hanover alifuta katiba. Maprofesa saba wakaandika barua kupinga, Jacob na Wilhelm wakiwa ndani. Wote saba wakafutwa kazi, na Jacob akapewa siku tatu kuondoka kwenye himaya. Nyumbani, bila kazi, ndugu hao wawili wakaanza kamusi kubwa ya Kijerumani. Juzuu ya kwanza ilitoka 1854. Jacob alikufa 1863 akiwa amefika kwenye neno Frucht, yaani tunda. Wengine wakaimaliza karibu miaka 100 baadaye.

Fikiria hilo. Mfalme aliweza kumnyang'anya ofisi, mshahara na cheo. Ile sheria ya sauti hakuweza kuigusa, juu haikuwa imesimama juu ya cheo. Mtu yeyote angeweza kuchukua frater na brother akajionea mwenyewe. Mpaka leo inawezekana, na hulipi karo.

Sasa mbona wanasema beech?

Swali zuri, na jibu liko kwa vitu ulivyokariri darasa la tatu. Foot, feet. Tooth, teeth. Goose, geese. Hizo si fujo za Waingereza. Zamani, silabi ya mwisho ya ule wingi ilikuwa na sauti ya i. Ulimi ukijiandaa kusema i, unaivuta o ije mbele kidogo, inakaribia e. Baadaye ile i ikapotea, lakini alama yake ikabaki.

Jina la mti kwa Kiingereza lilipitia hapo hapo. Lilitoka kwa umbo lililokuwa na sauti kama hiyo mwishoni, ndiyo likawa beech, wakati Buche ya Wajerumani ilitoka kwa umbo lisilokuwa nayo.

Na hapa ndipo panapochekesha. Kwa Kiingereza cha kale, book ilikuwa bōc, na wingi wake ulikuwa bēc, ile c ya mwisho ikitamkwa ch. Kama huo wingi ungeendelea kuishi kama feet na geese, leo mwalimu angeingia darasani aseme, "Everyone, open your beech." Waingereza wakachoka nao, wakaongeza s, tukapata books.

Haya, tuje kwa vibao

Hadi hapa tumethibitisha jina la mti. Kwamba kitabu kilipata jina kutoka kwa huo mti, hiyo ni kesi nyingine. Tuangalie ushahidi.

Mrumi Tacitus, mwaka wa 98, aliandika jinsi Wajerumani wa kale walivyopiga ramli: walikata tawi la mti unaozaa, wakalikatakata vipande, wakaweka alama, wakavirusha juu ya kitambaa cheupe. Watu wengi huleta hii kama ushahidi. Lakini Tacitus hataji mbuche popote hapo.

Herufi za kale za watu hao zinaitwa runi. Mojawapo ya maandishi ya runi ya mapema kabisa yaliyopatikana yako kwenye kitana kutoka Vimose, Denmark, cha karibu mwaka wa 160. Kitana cha pembe ya mnyama. Karne ya 6, mshairi Venantius Fortunatus anataja runi zilizochorwa kwenye vibao vya mti. Mti gani? Ni ule Waingereza wanauita ash. Si mbuche.

Halafu kuna Bergen, Norwe. Mwaka wa 1955 moto uliunguza sehemu ya ile bandari ya zamani ya Bryggen, na walipochimba wakakuta vijiti vya runi. Kwa jumla maandishi yaliyopatikana hapo yanapita 600. Mengi ni ya maisha tu: majina ya wenye mzigo, biashara, mapenzi, matusi. Kuna kijiti kimoja ambacho ujumbe wake ni kwamba Gyda anasema uende nyumbani. Hiyo ni meseji, wasee. Kuna mtu alikuwa amekalia pombe na mwenye nyumba akamtumia kijiti. Na vijiti vingi vya Bergen ni vya msonobari. Watu waliandika juu ya mti uliokuwa karibu.

Lugha zenyewe nazo zina la kusema. Katika karne ya 4, askofu Wulfila aliitafsiri Biblia kwa Kigothi, lugha ya ukoo huu huu ambayo ilishakufa. Kwa Kigothi, boka kwa umoja maana yake ni herufi. Kwa wingi, bokos, ndiyo inakuwa maandishi au kitabu. Yaani kitabu ni herufi zilizokusanyika. Zaidi ya hayo, jina la mti na jina la kitabu hazikuwa kwenye kundi moja la kisarufi. Zilifanya wingi kwa njia tofauti, kama vile sisi tuna mti na miti huku, kitabu na vitabu kule. Kwa hiyo kuna wataalamu wanaosema haya yalikuwa maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana.

Upande wa pili nao haujanyamaza. Wanaleta Buchstabe, neno la Kijerumani la herufi. Stab ni kijiti. Ukilisoma hivyo, unapata kijiti cha mbuche. Wapinzani wanajibu: hapana, hicho ni kijiti cha kitabu, herufi ya Kilatini inayotumika vitabuni, tofauti na runi. Na kweli Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili, bocstæf kwa herufi za vitabu na runstæf kwa runi. Kisha wale wa kwanza wanaleta Kilatini: liber, neno la kitabu, lilimaanisha pia gome la ndani la mti, na codex ilimaanisha shina. Kama Warumi waliita kitabu kwa jina la mti, kwa nini Wagermaniki wasifanye hivyo?

Hapo ndipo mambo yako. Kamusi nyingi bado zinaiweka stori ya mbuche mbele, lakini zinaiandika pamoja na neno "huenda". Hilo "huenda" ndilo la kwanza kukatwa mtu akitaka video ifupike. Na mimi naona hapo ndipo kazi yetu inapimwa. Kuliacha neno moja la tahadhari hakukugharimu chochote, isipokuwa utamu kidogo.

Jina linahama, mti unabaki

Wasomi wenye digrii nao walishawahi kupelekwa na utamu wa huu mti. Karne ya 19 baadhi yao walipiga hesabu hivi: mbuche hauoti mashariki ya mstari unaotoka Königsberg, leo Kaliningrad, hadi Odesa. Kilatini na Kigermaniki zote zina jina moja la huo mti. Basi watu waliozungumza ile lugha ya babu lazima walikaa magharibi ya huo mstari. Ramani ikachorwa, kesi ikafungwa.

Kumbe Wagiriki walikuwa na neno hilo hilo, phegos, lakini kwao lilikuwa jina la aina ya mwaloni. Jina lilihama likashika mti mwingine. Na kama liliweza kuhama mara moja, nani anakuhakikishia lilianza kwa mbuche? Tumeona hivyo hata karibu na siku zetu: walowezi Waingereza walipofika New Zealand walikuta miti iliyowakumbusha kwao, wakaiita beech. Mbuche wa Ulaya hauko pale kwa asili. Jina lilishuka melini pamoja na watu.

Mara nyingine jina huchaguliwa ili kuficha. Mwaka wa 1937 utawala wa Hitler ulifungua kambi ya wafungwa kwenye kilima cha Ettersberg, karibu na Weimar. Mwanzoni iliitwa kwa jina la kilima. Watu wa utamaduni wa Weimar wakalalamika, kwa sababu Ettersberg ilihusishwa na mshairi wao Goethe. Hawakulalamikia kambi, walilalamikia jina. Basi ikaitwa Buchenwald. Maana yake ni msitu wa mibuche, hakuna zaidi. Karibu watu 56,000 walikufa huko kabla ya Wamarekani kufika Aprili 1945. Ukitafuta asili ya hilo neno kwenye kamusi utapata mti mzuri wenye gome laini, na utakuwa hujaelewa chochote. Asili ya jina inakuambia lilikotoka. Nani alilibandika hapo, lini, na kwa nini, hayo unayauliza kando.

Hadi kwa buku yako

Ndiyo hivyo neno limetembea. Waingereza walikuja huku na book, Wakikuyu wakaifanya ibuku na mabuku, Wajaluo wakaichukua buk, Sheng ikasema buku. Kando yake tulikuwa tayari na kitabu, kutoka kwa Waarabu, ambao neno lao linatokana na kuandika. Na hata hilo tulilifanya letu: tukaona ki- pale mwanzoni, tukaamua ni ya ngeli yetu, tukatengeneza vitabu. Hakuna aliyetuomba vyeti.

Kwa hivyo mtu akiniuliza nilisomea wapi, nitamjibu ukweli, mwaka wa pili nikatoka. Lakini halafu nitamwambia apime. Nikikuletea asili ya neno lolote, niulize mambo matatu. Sauti zinapita mlango uleule ambao maneno mengine yalipitia? Kuna kitu kilichochimbwa au kuandikwa kinachounga mkono, au ni hadithi tu inayokaa vizuri? Na "huenda" iko wapi, nimeiacha au nimeikata?

Leo nimekuletea mambo mawili. Mbuche, jina la kale la mti, limepimwa na limepita. Mbuche kuzaa kitabu, huenda. Ukiwa na mtoi kwa nyumba, chukua buku yake, mwandikie frater na brother kando kwa kando, kiti na gĩtĩ chini yake, umwache atafute sheria mwenyewe. Usimpe jibu haraka.